Kulea Watoto Wadogo Nyumbani Baada ya Kuacha Ualimu: Namna ya Kukabiliana na Matarajio

Mwalimu anapoacha kazi ili abaki nyumbani na watoto wake wadogo, watu wanaomzunguka huwa wameshajiamulia mambo mawili kabla yeye mwenyewe hajapumua: kwamba watoto wake watakuwa mbele ya wenzao, na kwamba kazi hiyo itakuwa nyepesi kwake kwa kuwa ameisomea. Yote mawili hayana uhakika wowote, na sehemu kubwa ya uchovu wa mwalimu wa namna hii hutokana na kujaribu kuyafanya yawe kweli. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, awe mama au baba, awe ameacha kwa hiari au kwa sababu mshahara na gharama za kulelewa watoto vilikataa kulingana.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba karibu kila mbinu unayoijua ya kuendesha darasa ilibuniwa kwa sababu mtu mzima mmoja alikabidhiwa watoto thelathini au arobaini wa umri unaokaribiana, kwa saa chache, na mtaala wa kumaliza. Kengele, vipindi, mistari, kunyoosha mkono, kusahihisha na kutoa alama ni majibu ya tatizo hilo. Nyumbani tatizo hilo halipo: una watoto wawili au watatu waliopishana umri, siku nzima, na hakuna mtihani wa mwisho wa muhula. Ukihamishia nyumbani majibu ya tatizo usilonalo, utajiongezea kazi ambayo haimpi mtoto faida yoyote.

Andika matarajio, kisha utafute mwenyewe wake

Chukua karatasi uandike kila jambo unalohisi kwamba unatakiwa kulifikia. Usiandike kwa ujumla, kama vile kuwa mzazi bora; andika kama ulivyozoea kuandika malengo mahususi katika andalio la somo. Mtoto atambue herufi zote kabla ya kutimiza miaka minne. Nyumba iwe imefagiwa kabla mwenzangu hajarudi. Nisimpandishie mtoto sauti hata mara moja. Kila siku kuwe na shughuli ya kufundisha iliyoandaliwa. Ukimaliza, mbele ya kila sentensi andika jina la mtu aliyeisema na, kama unayakumbuka, maneno aliyoyatumia.

Sentensi kadhaa zitakosa jina. Ukitafuta nani alisema kwamba mtoto wa mwalimu lazima ajue kusoma kabla ya kuanza shule, huenda usimpate, kwa sababu aliyesema ni yule mkaguzi uliyemzoea kazini, ambaye bado unamwandalia mafaili ingawa hatakuja tena. Hizo ndizo sentensi za kufuta kwanza. Nyingine zitakuwa na jina, lakini ukiyarudia maneno yenyewe utaona kwamba mhusika alikuwa akitania au akipitisha mazungumzo; nazo hazistahili kupewa siku nzima ya maisha yako. Zitakazobaki ni chache, na hizo zimetoka kwa watu wenye haki ya kudai kitu kwako: mwenzi wako, mtoto mwenyewe, mhudumu wa afya anayemfuatilia. Anzia hapo.

Ninaweka mkazo kwenye kuandika kwa sababu walimu wengi hudhani wanaweza kulimaliza zoezi hili kichwani. Kichwani matarajio yote huwa na uzito mmoja, na la utani la jirani hukaa sawa na la daktari.

Jua umri wa mtoto unadai nini

Jamii hulitumia jina la mwalimu kana kwamba ni ujuzi mmoja. Aliyefundisha hisabati sekondari kwa miaka kumi anaweza kumweleza kijana wa miaka kumi na sita milinganyo ya kipeo cha pili akiwa amefumba macho, na bado asijue la kufanya na mtoto wa miaka miwili aliyejitupa chini kwa kuwa kikombe chake ni cha rangi nyingine. Hakuna aibu katika hilo. Hata aliyefundisha darasa la kwanza alipokea watoto waliokwisha kuvuka miaka ile ambayo sasa anaiona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kujipima, soma umri unavyokwenda.

Watoto wengi hutamka maneno ya kwanza yenye maana wakikaribia mwaka mmoja, na huanza kuunganisha maneno mawili wakikaribia miaka miwili, huku tofauti ya miezi kadhaa kati ya mtoto na mwenzake ikiwa ni ya kawaida kabisa. Mtafiti Mildred Parten alieleza mwaka 1932 jinsi watoto wadogo wanavyopitia kipindi cha kucheza sambamba, yaani wawili hukaa karibu na kufanya jambo linalofanana bila kushirikiana, na ushirikiano wa kweli katika mchezo huja baadaye. Mzazi anayelijua hilo hatamwona mtoto wa miaka miwili kuwa ni mchoyo, wala hatatumia asubuhi nzima kumhubiria habari za kugawana. Kushika kalamu kwa ncha za vidole vitatu hukomaa kwa watoto wengi kati ya miaka 4 na 6, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayeikamata kwa kiganja kizima hajachelewa chochote. Nchini Finland darasa la kwanza huanza katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, baada ya mwaka wa maandalizi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4 linapendekeza angalau dakika 180 za kujishughulisha na viungo vya mwili kwa siku, ambapo 60 kati yake ziwe za nguvu kiasi au zaidi, usingizi wa saa 10 hadi 13 pamoja na ule wa mchana, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1. Mtoto aliyekimbia, akapanda, akachimba udongo, akasomewa hadithi akiwa amekaa nawe, kisha akalala vya kutosha, ametimiza sehemu kubwa ya siku yake, hata kama hakuna karatasi ya kuonyesha kwamba amejifunza. Mwalimu hupata taabu hapo kwenye karatasi, kwa sababu kazini kila jambo lilihitaji ushahidi.

Upande wa pili wa jambo hili unahitaji uangalifu. Mwalimu wa zamani ana kishawishi cha kujifanya mtaalamu wa mtoto wake mwenyewe na kuahirisha kutafuta ushauri. Kama mtoto wa miaka miwili bado haunganishi maneno mawili, au haitiki anapoitwa jina, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kwa mhudumu wa afya mapema bila kusubiri kuona kama mbinu zako zitafanya kazi.

Mbinu za kuacha shuleni

Ya kwanza ni swali ambalo muulizaji anajua jibu lake. Darasani lilikusaidia kupima kama somo limeeleweka. Nyumbani huua mchezo. Mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa kwenye karai, ana kikombe kikubwa na kidogo, anamimina maji kutoka kikubwa kwenda kidogo, yanamwagika, anatazama yanavyotiririka ukingoni, anarudia. Mzazi mwalimu anapita na kuuliza, "Kikombe hiki ni cha rangi gani?" Mtoto anajibu, "Nyekundu," bila kuinua kichwa. "Na vyote viko vingapi?" Anajibu tena, safari hii polepole. "Kipi kinabeba maji mengi?" Mtoto anasimama, anaviacha vikombe ndani ya karai na kuondoka. Alikuwa katikati ya kulitafuta jibu la swali hilohilo la mwisho kwa mikono yake, na sasa limegeuka kuwa la mtu mwingine.

Badala ya hayo, chuchumaa karibu naye ukae kimya. Ukitaka kusema, sema unachokiona: "Yamemwagika upande huu." Kisha subiri. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba kwa kawaida walimu waliwapa wanafunzi takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba waliporefusha kusubiri hadi sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka na kuwa na mawazo zaidi. Mtoto mdogo, ambaye bado anatafuta maneno, anahitaji subira zaidi ya hiyo. Jaribu kuhesabu kimyakimya. Utashangaa jinsi sekunde tano zilivyo ndefu kwa mtu aliyezoea kukimbizana na kipindi.

Ya pili ni ratiba ya dakika. Ratiba iliyobandikwa ukutani, yenye nusu saa ya herufi na nusu saa ya sanaa, huanguka kabla ya siku ya tatu, na ikianguka humwachia mzazi hisia ya kushindwa ambayo hakuhitaji kuipata. Watoto wadogo wanahitaji mpangilio kuliko saa. Kama kila siku baada ya kuamka kunafuata kunawa, kisha chakula, kisha kutoka nje, na kila siku baada ya kuoga jioni kunafuata kitabu na kulala, mtoto atajua kinachofuata bila kujua saa, na wewe utaweza kuchelewa nusu saa bila kitu kuharibika.

Sauti ya kuamuru kundi, sifa za jumla za "vizuri sana" zinazotolewa kila dakika, vibandiko vya nyota na kusahihisha kila tamko viweke kando tu. Mtoto akisema neno vibaya, lirudie wewe kwa usahihi ndani ya sentensi yako na mazungumzo yaendelee.

Zinazofaa kuja nazo nyumbani

Usitupe kila kitu. Jicho la mwalimu, lile linalotambua mtoto aliyenyamaza kuliko jana, ni mali kubwa, na nyumbani linafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu linatazama wachache. Andika mistari miwili au mitatu jioni kuhusu ulichokiona, kwa maneno ya kawaida, bila safu za malengo na tathmini. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha maendeleo ambayo siku moja moja haiwezi kuyaonyesha, na litakuwa msaada mkubwa ukiwahi kuhitaji kumweleza mhudumu wa afya jambo fulani.

Kusoma kwa sauti ni jambo jingine ambalo pengine unalimudu kuliko wazazi wengi, kwa kuwa unajua kubadili sauti, kusita kwenye mkasa na kumtazama msikilizaji. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa miaka miwili hivi, ambapo wazazi walifundishwa kumfanya mtoto awe msimulizi wa kitabu cha picha: kumwuliza maswali yasiyo na jibu moja, kuongezea neno au mawili juu ya alilolisema, na kumwachia nafasi ya kuendelea. Lugha ya watoto hao ilisonga mbele kuliko ya wale waliosomewa kwa namna ya kawaida. Zingatia kwamba swali la namna hii halimpimi mtoto. "Unadhani anakwenda wapi?" linamkaribisha kwenye hadithi, ilhali "Huyu ni mnyama gani?" likirudiwa kwenye kila ukurasa humgeuzia kitabu kuwa jaribio.

Na ujuzi wa kufaragua zana unaweza kuja, ilimradi usigeuke kuwa deni. Shughuli iliyokuchukua saa mbili usiku kuiandaa na ikamshughulisha mtoto kwa dakika nne imekula usingizi wako bure. Sanduku tupu humshughulisha zaidi.

Kuwajibu watu

Maneno ya watu huumiza zaidi yanapokukuta bila jibu. Andaa majibu machache mapema, mafupi na ya heshima, na uyatumie yaleyale kila mara.

Bibi ya mtoto akiuliza kwa nini mjukuu wake hajaanza kuandika ilhali mzazi wake ni mwalimu, usianze kumtolea mhadhara wa makuzi. Mjibu kwa kumpa kazi: "Mama, nashukuru kwa kumfikiria mjukuu wako. Kwa sasa tunamsomea hadithi kila jioni, na kuandika kutafuata vidole vikiwa tayari. Akija kwako naomba umsimulie zile za zamani unazozijua." Aliyeuliza kwa wasiwasi ataridhika kwa sababu amepewa nafasi, na aliyeuliza kwa kuchokoza hatakuwa na pa kushika.

Linalokera walimu wengi zaidi ni ombi la kufundisha watoto wa wengine bure. Huletwa kwa upole: "Mwalimu, nisaidie na huyu wangu, si uko nyumbani tu?" Neno "tu" ndilo lenye matatizo, lakini usilijibu, jibu ombi. "Ndugu yangu, mchana wote niko na hawa wadogo, na jioni ni muda wao wa kuoga na kulala, kwa hiyo sitaweza. Nikianza kufundisha masomo ya ziada nitakujulisha siku na malipo." Usitoe sababu ya pili wala ya tatu, kwani kila sababu inayoongezwa hufungua mlango wa kujadiliana. Kama unataka kweli kufundisha, lifanye kwa saa zinazojulikana na malipo yanayojulikana. Msaada usio na mipaka huanza na mtoto mmoja na mwisho wake ni darasa zima sebuleni, huku wako wakikusubiri.

Wenzako wa zamani wakikuambia unaupoteza ujuzi wako, si lazima uwashawishi. Baba aliyeacha ualimu hukutana na sura nyingine ya mambo haya: husifiwa kwa kumbadilisha mtoto nguo, jambo ambalo mama halisifiwi, na papo hapo huulizwa lini atapata kazi. Pongezi na swali hilo vina chanzo kimoja, na jibu fupi linatosha kwa vyote viwili: "Hii ndiyo kazi ninayoifanya kwa sasa."

Anapolia mbele ya watu

Mtoto akijitupa chini mahali penye watu, mzazi yeyote huona aibu, lakini mwalimu huona aibu maradufu kwa sababu anahisi umahiri wake wa kazi ndio unaotazamwa. Wapo watakaosema waziwazi: uliwamudu arobaini, huyu mmoja anakushinda? Yafaa kuelewa kwa nini swali hilo halina msingi. Wale arobaini walikuwa wakubwa zaidi, walidhibitiana wenyewe kwa kutazamana, nyuma yako kulikuwa na mwalimu mkuu na kanuni za shule, na mchana ulipoisha walikwenda kwao kulia huko. Mtoto wako amekuja kulia kwako kwa sababu kwake hapa ndipo kwao. Zaidi ya hayo, sehemu ya ubongo inayosimamia kujizuia huendelea kukomaa hadi utu uzima. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hana bado chombo unachomdai akitumie.

Inama ufikie kimo chake, ongea kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, mwondoe panapokuwa na hatari au kelele nyingi, na usifanye uamuzi wowote wa kinidhamu kwa ajili ya macho ya wanaotazama. Kama umesema hapana, ibaki hapana baada ya kilio. Maelezo ya kwa nini yasubiri atakapotulia.

Mwenzi wako, na likizo isiyokuwepo

Mwili wa mwalimu umezoea mihula. Kwa miaka mingi ulijikaza ukijua kwamba wiki fulani shule zitafungwa, na hata katika siku yenyewe kulikuwa na mapumziko, ofisi ya walimu na mtu mzima wa kuzungumza naye. Nyumbani hakuna kufunga shule. Wengi huishiwa nguvu bila kujua sababu, wakadhani hawakuumbwa kwa malezi, kumbe wanakimbia muhula usio na mwisho.

Hili linahitaji mazungumzo ya wazi na mwenzi wako, yenye siku na saa ndani yake. Kumwambia kwamba umechoka hakumwonyeshi cha kufanya. Mwambie kwamba Jumamosi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri watoto watakuwa naye, kuanzia kuwaosha hadi kuwalisha, nawe hutakuwepo nyumbani. Kuondoka kuna maana yake: mzazi anayepumzika chumbani huku akisikia kila kilio hajapumzika. Mkubaliane pia kazi zipi za nyumbani ni zako kwa kuwa uko nyumbani na zipi zinabaki za wote, na fedha zisizopitia mikononi mwako utazifikia vipi bila kuomba kila mara. Mwalimu aliyezoea mshahara wake mwenyewe huona ugumu wa kuomba, akanyamaza, na kinyongo kikaota mahali ambapo mpango wa dakika ishirini ungetosha. Kama unalea peke yako, mazungumzo hayohayo yafanye na ndugu au rafiki mmoja unayemwamini, hata kama ni kwa saa mbili za wiki.

Uchovu wa malezi hupungua mtu akilala na kusaidiwa. Kama huzuni au kukosa hamu ya mambo vimedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kama huwezi kulala hata watoto wakiwa wamelala, au kama unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hilo ni suala la matibabu, na mtafute mhudumu wa afya siku hiyo hiyo ikiwa ni mawazo ya kudhuru. Sonona ya baada ya kujifungua inaweza kujitokeza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na kuwa mwalimu hakumkingi mtu nayo.

Ukipanga kurudi kazini

Weka vyeti vyako pamoja na uulize mapema kama usajili au leseni yako ya kufundisha ina muda wa kuisha, kwa kuwa katika nchi nyingi kuihuisha kabla haijaisha ni rahisi kuliko kuiomba upya. Fuatilia mabadiliko ya mtaala wa somo lako mara moja moja. Katika wasifu wa kazi, iandike miaka ya malezi kwa tarehe zake na uiite kwa jina lake bila kuipamba kwa vyeo vya kubuni. Waajiri wa walimu wanaijua, na wengi wao wameipitia.